Sura ya Sita: Baridi ya Julai na Watoto Wasiotulia

"Na baridi hii, watoto nitawafanyia nini?"

Swali hili huanza kusikika Kihoto, mtaa wetu wa Naivasha, Juni ikikaribia kwisha. Huulizwa kwenye foleni ya maji, na dukani mtu akipimiwa makaa ya mkebe. Huulizwa pia na mama aliyeshinda kutwa akikata waridi shambani, akarudi jioni na kuwakuta wanawe wamejikunyata chini ya blanketi mbele ya katuni, bando imekwisha na sufuria ya mchana bado haijaoshwa.

Ndani ya swali hilo mna maswali matatu. Nitawapashaje joto? Nitawashughulisha na nini? Na nitafanya yote mawili kwa pesa gani? Hilo la tatu nalihesabu pia kuwa swali la mazingira, maana kwa familia nyingi za Kihoto pesa na msitu huondoka pamoja, kwenye gunia moja la makaa.

Vitabu vya malezi vinavyozungumzia baridi vimeandikwa zaidi kwa watu wa theluji. Vinashauri uzibe kila upenyo wa nyumba, uwashe mtambo wa joto, umnunulie mtoto michezo ya ndani. Nyumba ya mabati yenye sakafu ya saruji na jiko la makaa haifuati ushauri huo, na sehemu moja ya ushauri wenyewe, ile ya kuziba, inaweza kuua. Hapa nitashika njia nyingine. Mtoto anayecheza anajipasha joto mwenyewe. Misuli inapofanya kazi, robo tu ya nguvu inayotumika ndiyo huwa mwendo, na sehemu kubwa ya zile robo tatu zinazobaki hugeuka joto. Kwa hiyo anayetafuta joto kwanza na mchezo baadaye ameanzia mwisho.

Kwa nini asubuhi tunatetemeka na mchana tunavua sweta

Kufikia tarehe 21 Juni jua huwa limehamia kaskazini kabisa, na nusu ya kusini ya dunia iko katika majira yake ya baridi. Pepo za kutoka kusini-mashariki huvuka Bahari ya Hindi zikibeba unyevu, zikapanda nyanda za juu za Kenya na kuzifunika kwa mawingu mazito. Ndiyo maana Nairobi, Nyeri na Kinangop hukaa siku nzima bila kuliona jua.

Naivasha imekaa tofauti. Milima ya Nyandarua, ambayo ramani nyingi huiita Aberdare, imesimama upande wa mashariki na kuzuia sehemu kubwa ya mawingu hayo. Sisi tuko chini yake, sakafuni mwa Bonde la Ufa, ingawa sakafu yenyewe iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake upesi. Hewa baridi nayo ni nzito kuliko ya moto, kwa hiyo hutelemka kutoka miinukoni na kutuama bondeni. Alfajiri kipimajoto kinaweza kuonyesha chini ya nyuzi 10. Saa saba mchana jua linachoma.

Mabati huongeza shida, kwa kuwa hayashiki joto hata kidogo: jua likitua nayo yamepoa. Saruji hunyonya joto la yeyote anayelala karibu nayo. Familia yenye godoro sakafuni ingefaidika zaidi kwa kutandika maboksi yaliyokunjuliwa na gunia safi chini ya godoro kuliko kwa kununua blanketi la pili, kwa sababu baridi kubwa inatoka chini.

Kwa ufupi, siku ya Julai ina vipande viwili. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni nje kuna joto kuliko ndani. Kabla na baada ya hapo ndani ni afadhali. Wengi wetu tunapanga kinyume: mchana tunawafungia watoto nyumbani "wasipigwe na baridi", na jioni, upepo wa ziwa ukianza, tunawaacha nje tukipika.

Jiko lisilale na watoto

Sehemu hii haina mchezo. Kila msimu wa baridi Kenya husikia habari za familia iliyoingiza jiko la makaa chumbani, ikafunga mlango, na asubuhi haikuamka.

Makaa yanayowaka penye hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na haiwashi macho kama moshi. Ikiingia kwenye damu hushika mahali pa oksijeni, ile hewa inayotuweka hai, na kukataa kutoka. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika au huzidiwa na usingizi. Hiyo dalili ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote, maana aliye kitandani hudhani ni usingizi wa kawaida. Makaa yaliyoonekana kufa, yenye jivu juu, bado huitoa.

Kwa hiyo ushauri wa kuziba nyufa haufai nyumba yenye jiko ndani. Jiko liwashwe nje, lipikiwe penye mlango na dirisha wazi, na litolewe kabla ya kulala hata kama bado lina moto mzuri wa kuonea huruma. Likishatoka, hapo ndipo uzibe ule upenyo unaopuliza kichwani mwa mtoto.

Moshi wa kawaida nao una yake. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba moshi wa ndani ya nyumba karibu huongeza maradufu hatari ya mtoto kupata nimonia, yaani ugonjwa wa mapafu. Mzazi anayewasha makaa ndani ili mtoto asipate kifua huenda anamletea kifua chenyewe.

Kuchoma kidogo, kula moto

Si mbali na hapa, Olkaria, mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Eburru, ng'ambo ya ziwa, wakazi hunasa mvuke unaotoka ardhini na kuupoza kwenye mabomba upate kuwa maji ya matumizi. Karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya hutoka kwenye mvuke, maji, upepo na jua. Nayasema haya kwa sababu nyumba nyingi hubana mahali pasipohusika. Anayegombeza watoto kwa taa moja, kisha akaacha jiko likiwaka hadi saa nne usiku bila sufuria, ameokoa tokeni kidogo, lakini msitu haukupata kitu. Kwenye tanuri la kienyeji la udongo, kilo 10 za kuni hutoa kilo 1 au 2 tu za makaa. Kilichobaki kilipotea hewani kabla gunia halijafika barabarani.

Nakuru mjini kuna jibu moja ambalo watu hulicheka kabla ya kulijaribu. Kampuni ya maji ya Nakuru, kupitia kampuni yake tanzu, NAWASSCOAL, hukausha kinyesi kinachotolewa vyooni, hukichoma mpaka kiwe makaa, hukichanganya na unga wa mbao uliochomwa vivyo hivyo, hutia molasi ya kushikanisha, na kutengeneza vidonge vya makaa. Havinuki, havina moshi mwingi, na hudumu motoni. Ukiwaeleza watoto wa miaka minane vimetengenezwa na nini, umewapa mazungumzo ya wiki nzima.

Asiyevipata ana njia ya zamani ambayo maafisa wa sayansi kimu waliwahi kuitembeza vijijini: kikapu kisicho na moto. Unachukua kikapu kipana au katoni imara, unakijaza nguo kuukuu, majani makavu au blanketi bovu, ukiacha shimo la kutosha sufuria. Githeri iliyolowekwa usiku unaichemsha kwa nguvu, unaitia kikapuni ikiwa bado inatokota na mfuniko wake, unaifunika kwa mto mnene, unaiacha iendelee kuiva yenyewe saa kadhaa. Sharti moja: maharagwe mekundu lazima yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kuingia kikapuni, kwa kuwa yana sumu ambayo joto la wastani haliiui. Jioni, ikibidi, yarudishe motoni kidogo yalainike.

Kushona kile kifuniko cha mto ni kazi ya watoto. Wape sindano kubwa, uzi, na sweta zilizokwisha viwiko.

Nikiulizwa ni lipi la kwanza kununuliwa, nitasema jiko lenye udongo uliochomwa ndani ya bati, lile lililoanza kuenea Kenya miaka ya 1980, kwa sababu hupunguza makaa kwa theluthi hadi nusu ukilinganisha na jiko la bati tupu. Mwenye meko ya gesi aitumie kwa chai na uji, na makaa ayaache kwa vinavyochukua muda.

Michezo inayopasha na michezo inayotuliza

Muhula wa pili huisha mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo baridi huwaanza watoto wakiwa shuleni na kuwamalizia nyumbani. Mzazi aliye kazini hataweza kusimamia kila saa. Analoweza ni kuacha vifaa na kuacha utaratibu, na aliye mkubwa kati ya watoto akajua kwamba yeye si polisi, ni mwenye kuanzisha mchezo.

Asubuhi ya baridi inataka michezo ya kupasha mwili. Kamba inatosha kuamsha nyumba nzima. Blada, ule mpira wa tyubu uliokatwa na kuungwa, unaanzia kwenye vifundo vya miguu, unapanda magotini, kisha kiunoni, na anayeshindwa kuruka anashika zamu ya kusimama. Tapo haihitaji kitu chochote. Kati inataka mpira na chupa: wawili wanarusha kutoka pande mbili, aliye katikati anakwepa huku akijaribu kuijaza chupa mchanga. Dakika ishirini za kati, sweta zinarundikwa kando zenyewe.

Mpira wenyewe una historia yake. Zamani ulikuwa wa juala, zile karatasi za nailoni zilizokunjwa na kufungwa kwa kamba. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya, na malighafi ikaanza kuadimika. Watoto hawakulalamika sana. Walihamia vitambaa, soksi isiyo na mwenzake na uzi wa gunia. Mpira wa vitambaa haudundi vizuri, lakini ukimpata mtu mgongoni haumi, na kwa kati hiyo ni faida.

Jua likishapanda, gari la waya hutoka. Magurudumu hukatwa kutoka kwenye slipasi zilizochakaa, na usukani ni fimbo ndefu. Hapa mzazi akubali hasara ya muda: mtoto anayejenga gari hataosha vyombo saa hiyo. Akikwama kwenye kona ya ekseli, usimmalizie.

Kwa saa za ndani, weka katoni moja ambayo kila mtu wa nyumba anaijua. Mtaala wa Umilisi umewafundisha wazazi wa Kenya kwamba mwalimu anaweza kutaka vifuniko saba vya soda kesho asubuhi, na taarifa ikaja saa mbili usiku. Katoni hiyo inajibu mwalimu na inajibu Agosti pia. Ndani yake:

– trei za mayai na maboksi ya sabuni;
– vifuniko vya chupa, vyekundu mbali na vyeupe, kwa drafti;
– nyuzi za sweta zilizofumuliwa, za kufuma boshori;
– vitambaa vya fundi cherehani, ambavyo wengi hutoa bure;
– mbegu kavu na kokoto laini, mbali na mkono wa mtoto wa chini ya miaka mitatu, maana hatakosa kuzitia mdomoni.

Kitu kimoja hakiingii kamwe: mtungi au chupa ya dawa ya shamba, hata ikioshwa mara kumi. Hivyo hivyo ovaroli ya kazini ivuliwe na kukunjwa kando kabla ya kumbeba mtoto, na ifuliwe peke yake.

Wadogo wakichoka kufuma watacheza kalongolongo, wapike udongo na kuoana. Waache. Ukisikiliza kutoka chumba cha pili utajua jinsi wanavyokusikia wewe ukizungumza na jirani.

Bao kabla ya simu

Mchezo ninaoupenda kwa jioni za Julai una ushahidi wa mawe katika kaunti hii hii ya Nakuru. Hyrax Hill, kilima kilicho pembeni mwa mji wa Nakuru ambacho mwanaakiolojia Mary Leakey alikichimba kuanzia 1937, kina miamba iliyochongwa safu za vishimo vya bao. Mtu aliketi pale, akachonga jiwe gumu, kwa ajili ya mchezo. Familia inayopita Nakuru likizoni ikasimame pale badala ya kuishia kwenye duka kubwa la mjini, na kila mtoto aguse shimo moja kwa kidole.

Wakikuyu huuita giuthi, Wamaasai enkeshui, Wajaluo ajua. Kanuni hutofautiana, na kwa vile Kihoto watu wametoka kila upande, watoto wa ploti moja hugombania kanuni kuliko wanavyocheza. Anzeni na hii rahisi.

Trei ya mayai ya vishimo 30 ina safu tano za sita. Kata safu mbili, una bao moja. Kata mbili tena, una la pili, na safu inayobaki ni ghala la kete. Kila kishimo kinapata maharagwe manne, yote 48. Kila mchezaji ana safu yake. Unachukua maharagwe yote ya kishimo chako kimoja, unayapanda moja moja kinyume cha mwendo wa saa. La mwisho likiangukia kishimo chako kilichokuwa kitupu, unakula yaliyo mkabala upande wa mwenzako. Upande mmoja ukikauka, mnahesabu.

Mtoto wa gredi ya kwanza hapa anajifunza kuhesabu mbele bila kuambiwa ni hesabu. Nyanya akiwepo, atawafunga wote, na hiyo nayo ni burudani. Stima ikipotea mchezo hauharibiki: bao linachezeka kwa kupapasa, na vitendawili vinaanza. Kwa Kikuyu nyanya atasema "gwata ndaĩ", kwa Kiswahili "kitendawili", na mtoto anayejibu lugha zote mbili anahesabiwa pointi mbili.

Televisheni siikatazi. Ninachokataa ni iwe ndiyo blanketi ya asubuhi. Aliyekaa saa tatu bila kusogea huwa baridi hata akiwa na soksi mbili, kisha analilia jiko.

Kazi ambayo jua linafanya bure

Chukua chupa mbili za plastiki zinazolingana. Moja ipake masizi au ivishe kitambaa cheusi, nyingine ibaki wazi. Zijaze maji, ziweke juani saa nne. Kila saa watoto waziguse na waandike ipi ina joto zaidi. Wakishaona kwamba nyeusi inashinda, hoja ya pili inakuja yenyewe: mtungi mweusi wa lita 20 ukikaa juani hadi saa nane utatoa maji ya vuguvugu ya kuwaogesha wawili. Waogeshwe saa hiyo hiyo, jua likiwa kali, wakauke kabla ya saa kumi. Kuoga saa moja usiku ni desturi tu, na mwezi wa Julai ni desturi ya gharama.

Chupa ile ya wazi ina kazi nyingine. Maji yasiyo na tope, kwenye chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, yakilala juani kwa muda wa saa sita kamili, vijidudu vingi vya kuharisha hufa. Siku ya mawingu, iache siku mbili.

Magodoro na blanketi nayo yatolewe juani saa tano, yarudishwe saa tisa kabla ya kupoa. Mkikosea saa, mmetoa kwa ajili ya vumbi.

Ziwa si uwanja

Kitabu cha familia na mazingira kingependa kuwapeleka watoto ziwani. Ziwa Naivasha limo katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu zenye umuhimu, ile ya Ramsar, tangu 1995, na ndege wake ni somo la mwaka mzima. Lakini Kihoto ni mtaa ambao ziwa limeufuata majumbani. Mwaka 2020 maji yalipanda yakafunika nyumba na mashamba. Mwishoni mwa 2025 yaliingia tena, na maelfu ya watu wakahama, wengine wakiondolewa kwa mashua na magodoro yao. Kumwambia mtoto aliyeona hayo kwamba maji ni rafiki kunataka uangalifu.

Kwa hiyo sheria za nyumba ziwe wazi. Hakuna kuingia maji yaliyotuama kati ya nyumba, kwa sababu yamepita vyooni. Hakuna kufuata mpira ulioangukia kwenye mafunjo. Viboko hutoka majini jioni kuja kula nyasi, na njia yao hawaibadilishi kwa kuwa kuna ploti mpya, hivyo saa kumi na moja na nusu kila mtoto awe ndani ya ua. Kutazama ndege kufanyike asubuhi jua likishapanda, mbali na ukingo, mtu mzima akiwepo. Daftari moja na penseli vinatosha: jina la ndege kwa lugha ya nyumbani, rangi, mdomo, anakula nini.

Familia zilizohamia chumba kimoja kwa ndugu zina kazi kubwa zaidi, maana watoto sita hawawezi kuruka kamba kwenye futi kumi. Hapo zamu husaidia: watatu nje na mpira, watatu ndani na bao, wanabadilishana jiko linapotolewa. Viatu vilivyolowa visikaushwe juu ya makaa, soli itajitenga na chumba kitanuka gundi. Vijaze karatasi za magazeti, ubadilishe karatasi kabla ya kulala, na asubuhi uviweke mlangoni upande wa jua.